Kutoka Kukesha hadi Kuwa Macho: Sauti ya Mawaidha katika Albamu ya Rose Muhando na Msikilizaji wa Muhuru Bay

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu albamu ya Mteule Uwe Macho ya mwimbaji wa Injili wa Tanzania, Rose Muhando, iliyotolewa mwaka 2004. Muhando alizaliwa mwaka 1976 wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, akalelewa katika familia ya Kiislamu kabla ya kuingia Ukristo, na sauti yake ikakomaa katika kwaya ya Kianglikana mkoani Dodoma. Albamu hii ndiyo iliyomtoa kwenye safu ya kwaya na kumfikisha kwa umma. Katika tuzo za muziki wa Injili za Tanzania za mwaka 2004, zilizotolewa Januari 2005, alitunukiwa mara tatu: kwa utunzi, kwa uimbaji na kwa albamu yenyewe. Baadaye alisaini mkataba na kampuni ya kimataifa ya Sony Music, na nyimbo zake zikavuka mipaka hadi Kenya, Uganda na mashariki mwa Kongo.

Umaarufu huo haukuambatana na uhakiki. Katika idara zetu za fasihi, wimbo wa Injili wa studio umekosa mlezi. Wanaofundisha ushairi huuona ni mwepesi mno. Wanaofundisha fasihi simulizi huuona ni bidhaa ya mitambo, isiyo na fanani aliye hai mbele ya hadhira. Makanisani nako hupimwa kwa vigezo vya mafundisho ya imani, au kwa swali la kama inafaa kumchezea Mungu viuno. Mhakiki wa fasihi hawezi kuridhika na vipimo hivyo. Wimbo uliotungwa kwa Kiswahili, ukasikilizwa na mamilioni, na ukaathiri namna watu wanavyosema juu ya maisha yao, unastahili kuulizwa maswali tunayouliza tendi na mashairi: nani anasema, anamwambia nani, kwa mamlaka gani, na anayeambiwa ana nafasi gani ya kujibu.

Dai letu ni kwamba Mteule Uwe Macho ni kazi ya mawaidha katika maana kamili ya utanzu huo wa Kiswahili, na kwamba nguvu yake inatokana na kulitoa agizo la Biblia la kukesha katika lugha ya ibada na kulitia katika lugha ya kila siku. Tunadai pia kwamba albamu hii ina upungufu unaotokana na hali yake ya studio: inamwonya msikilizaji bila kumwachia nafasi ya kujibu. Ili kulipima dai hili, tumechagua kuisikiliza kutoka mahali mahususi, yaani Muhuru Bay, mji wa wavuvi katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, ukingoni mwa Ziwa Victoria na karibu na mpaka wa Tanzania. Muhuru Bay inafaa kwa sababu tatu. Iko mahali ambapo wimbo wa Tanzania unafika bila safari ndefu. Wakazi wake wengi wana Dholuo kama lugha ya kwanza na Kiswahili kama lugha ya pili. Na kazi kuu ya mahali hapo, uvuvi, ni kazi ya usiku. Mtu wa mahali kama hapa anapoambiwa awe macho, anaambiwa jambo analolijua kwa mwili wake.

2.0 Msingi wa Nadharia

Tunaongozwa na mihimili miwili. Wa kwanza ni maelezo ya M. M. Mulokozi katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi, yaliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989. Mulokozi anaiona fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Faida ya maelezo haya ni kwamba hayaufungi utanzu katika maneno peke yake. Wimbo uleule, ukihamishwa kutoka arusini kwenda matangani, si wimbo uleule tena.

Mhimili wa pili ni nadharia ya upokezi, hasa dhana ya Hans Robert Jauss ya upeo wa matarajio. Kwa mujibu wa Jauss, kazi ya fasihi haipokelewi na mtu mtupu. Msomaji, au kwa upande wetu msikilizaji, huja na matarajio aliyopewa na kazi nyingine alizozijua na maisha aliyoyaishi. Thamani ya kazi huonekana pale inapokutana na matarajio hayo, ikiyathibitisha au ikiyatikisa.

Tukiiweka mihimili hii pamoja, tunapata swali letu. Studio humtenga fanani na hadhira, mahali na wakati. Hivyo katika mambo sita ya Mulokozi, manne huachwa yakamilishwe na msikilizaji popote alipo. Je, msikilizaji wa Muhuru Bay anayakamilishaje?

3.0 Jina la Albamu kama Matini

Jina la albamu lina maneno matatu tu, lakini ndilo sehemu ya kazi inayosafiri mbali zaidi. Liko juu ya jalada, hutajwa na mtangazaji wa redio, na hubaki kinywani mwa mtu asiyekumbuka beti. Aidha, ndilo jina la wimbo uliokuwa kitovu cha albamu yenyewe. Tulisome basi kama tunavyousoma mshororo wa kwanza wa utenzi.

Neno la kwanza, mteule, ni la Biblia. Msomaji wa Biblia ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, analijua hasa katika umbo la wingi. Katika sura ya 24 ya Injili ya Mathayo, Yesu akiwa katika mlima wa Mizeituni anawatahadharisha wanafunzi juu ya manabii wa uongo, ambao ishara zao zingeweza kuwapoteza hata wateule. Sura hiyohiyo inafika kwenye agizo la kukesha, kwa kuwa siku ya Bwana haijulikani. Msikilizaji aliyelelewa kanisani, anapolikuta neno mteule limeambatana na onyo, hana haja ya kuelezwa limetoka wapi.

Hata hivyo Muhando hairudii Biblia. Anaibadili mara mbili. Kwanza, anatoka kwenye wingi na kwenda kwenye umoja. Kesheni ni agizo kwa kundi: kila mmoja analipokea akiwa na mwenzake ubavuni. Mteule ni mtu mmoja. Anayesikia hawezi kujificha nyuma ya usharika wake. Pili, anaacha kitenzi kesha na kushika msemo kuwa macho. Tofauti ya maneno haya ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kukesha ni kuupitisha usiku bila kulala mpaka kuche. Ni tendo lenye mwanzo na mwisho, na katika matumizi ya makanisa yetu limekuwa hata nomino, kesha, yaani ibada ya usiku kucha inayotangazwa kwa tarehe na saa. Kuwa macho hakuna saa. Ni neno la mama anayemtuma mtoto sokoni na la utingo anayewatahadharisha abiria juu ya wezi. Kwa badiliko hili moja, tahadhari ya siku za mwisho inakuwa tahadhari ya leo mchana.

Umbo la kitenzi nalo lina maana. Kiswahili kingemruhusu mtunzi kutumia amri kavu, kuwa macho. Yeye anatumia uwe, umbo lenye kiambishi cha nafsi na kiishio cha matakwa, ambalo ndani yake mna sauti ya anayetaka: nataka, nakusihi, uwe. Ni amri iliyofunikwa kwa ombi. Tabia hii inaendelea katika kazi zake za baadaye. Jipange Sawasawa ni amri inayomrudia anayeamriwa kwa kiambishi cha kujirejea. Nibebe ni ombi linaloelekezwa juu, kwa Mungu; na kisarufi ni umbo lenye maana mbili, kwani ni- yaweza kuwa mtendwa (wewe unibebe) au mtenda (mimi nibebe mzigo). Ni muktadha tu unaotuambia nani anambeba nani. Tukiyatazama majina haya kwa pamoja, tunaona kuwa Muhando ni mtunzi wa kauli za kutaka: anamtaka msikilizaji ajihadhari, ajipange, kisha anageuka na kumtaka Mungu ambebe. Masimulizi na maelezo si uwanja wake. Uwanja wake ni kumshika mtu bega na kumwambia neno.

4.0 Ukoo wa Mawaidha

Kauli ya namna hii si ngeni katika Kiswahili. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiutumia uharibifu wa majumba ya Pate kuuonya moyo wake mwenyewe usidanganywe na dunia. Anayeonywa katika utenzi huo ni mmoja, na ni sehemu ya msemaji. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wa mawaidha kwa binti yake. Hapo pia anayeonywa ni mmoja, na ni mtoto aliyezaliwa na msemaji. Tendi hizi ni za Kiislamu, na kwa arudhi zake ziko mbali na wimbo wa kinanda cha umeme. Wala hatudai kwamba Muhando alizisoma. Tunachodai ni kwamba zinatuonyesha utanzu wenye sifa tatu: anayeonywa ni mmoja na anaitwa, dunia inaelezwa kuwa ni mahali pa kughafilika, na msemaji anaonyesha ni kwa haki gani anaonya.

Sifa ya tatu ndiyo inayotuvutia. Haki ya Sayyid Abdalla ni kwamba anajionya mwenyewe. Haki ya Mwana Kupona ni umama na ukaribu wa kifo. Muhando hana undugu na msikilizaji wake, wala hana mimbari. Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, mimbari imekuwa ya wanaume kwa muda mrefu, ilhali kwaya zimejaa wanawake. Na Gregory Barz, katika kitabu chake cha mwaka 2003 juu ya muziki wa kwaya nchini Tanzania, ameonyesha kuwa kwaya si pambo la ibada tu bali ni jamii kamili yenye uongozi, msaada na heshima yake. Ni kutoka katika jamii hiyo Muhando anapata mazoea ya kusema mbele ya watu. Lakini kwaya humpa mtu sauti ndani ya sauti nyingine. Kusema peke yake, na kusema kwa kuonya, kunahitaji haki nyingine.

Haki hiyo ameipata katika sauti yenyewe. Uimbaji wa Muhando unajulikana kwa ukwaruzo wake: sauti nzito, iliyokazwa, inayoelekea kukatika pale inapopanda. Kwa mizani ya kwaya ya sauti nne hii ni kasoro. Kwa mizani ya mawaidha ni ushahidi. Ni sauti ya mtu aliyekwisha kupiga kelele kabla hatujafika, anayeonya kwa sababu ameona. Mwana Kupona anasema kwamba ni mgonjwa, nasi tunamwamini kwa neno lake. Muhando hahitaji kusema kuwa amechoka, maana uchovu unasikika kooni. Kwa hiyo yule anayezinakili nyimbo hizi katika karatasi na kuzisoma kama mashairi ya kuandikwa anaipoteza hoja yao kubwa kabla hajaanza kazi. Maneno yake mengi ni ya kawaida. Kinachoyathibitisha ni koo.

5.0 Studio na Suala la Mwitiko

Tukirejea kwa Mulokozi, hadhira ya fasihi simulizi ni mshiriki. Hupokea kiitikio, huuliza, hucheka pasipotarajiwa, na mara nyingine humkatiza fanani. Katika albamu ya studio kiitikio kimekwisha kuimbwa. Waitikiaji wa Muhando, wanawake wenye sauti safi zinazokinzana na ukwaruzo wake, huingia kwa wakati uliopangwa, na jibu lao huwa ni lile alilolitaka kiongozi. Aliyeonywa amejibiwa kwa niaba. Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982, aliueleza usimulizi wa pili, unaoletwa na redio na mitambo, kuwa unajenga kundi kubwa la wasikilizaji lakini kundi ambalo haliwezi kumrudishia msemaji neno. Maelezo hayo yanaifaa albamu yetu.

Kwa msikilizaji wa kando ya ziwa, upungufu huu unaonekana zaidi kuliko kwa mwingine, kwa sababu ya upeo wa matarajio yake. Katika uimbaji wa Kiluo kuna desturi ya pakruok: msikilizaji anausimamisha muziki, mara nyingi kwa kutoa fedha, akajitangaza kwa majina ya sifa, akamtaja rafiki au mpenzi wake, kisha akaruhusu muziki uendelee. Mpiga nyatiti au kiongozi wa bendi hawezi kulichukulia hilo kuwa ni utovu wa adabu. Ni sehemu ya fani. Hadhira ina haki ya kuukata wimbo na kujiingiza ndani yake kwa jina. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo, anapoambiwa na kipaza sauti kwamba yeye ni mteule na awe macho, amepewa jina la sifa bila kuulizwa, na hana mahali pa kuusimamisha wimbo aseme yeye ni nani.

Hata hivyo, maisha ya albamu hayaishii studio. Katika Nyanza na magharibi mwa Kenya, muziki wa vipaza sauti umekuwa sehemu ya mikesha ya matanga, na disko matanga zilianza kama njia ya kuchangisha fedha za mazishi, ingawa viongozi wa serikali wamezipiga marufuku mara kwa mara kwa kuhofia usalama wa vijana. Pale ambapo familia haitaki benga, wimbo wa Injili ndio unaojaza usiku. Hapo kiitikio kilichofungwa studio hufunguliwa: wafiwa huimba juu ya sauti za waitikiaji, wengine kwa Kiswahili, wengine wakichanganya Dholuo. Ndipo mahali na wakati, yale mambo mawili yaliyokosekana katika studio, yanaporudi na kuubadili wimbo. Onyo lililotolewa kwa walio hai kwa jumla linageuka kuwa maneno yanayosemwa mbele ya maiti mwenye jina.

6.0 Kusikiliza kutoka Muhuru Bay

Msikilizaji wa Muhuru Bay ana urithi wa nyimbo za dini kutoka pande kadhaa. Upande wa Ghuba ya Winam, Waadventista Wasabato walifungua misheni Gendia mwaka 1906, na uimbaji wao wa sauti nne, wenye tahadhari juu ya ngoma na uchezaji, umeenea Nyanza Kusini yote. Ng'ambo ya mpaka, Wamenoniti wa Marekani walianza kazi Shirati mwaka 1934, miongoni mwa Waluo wa upande wa Tanganyika. Na kutoka katika ardhi hiyohiyo ya Nyanza Kusini kukazuka Legio Maria mwaka 1963, kanisa lililojitenga na Katoliki chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, likachanganya liturujia ya Kilatini na Dholuo. Jambo la Aoko lina umuhimu kwa hoja yetu: kando ya ziwa hili, mwanamke kusimama na kusema kwa mamlaka ya roho halikuanza na kanda za Dar es Salaam.

Kiswahili kiliingia katika urithi huu kwa njia nyingine. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanzishwa Kenya mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la mtihani. Albamu ya Muhando ilipotoka mwaka 2004, vijana wa kwanza wa mfumo huo walikuwa wamefikia utu uzima. Walikuwa na Kiswahili cha darasani, sahihi lakini chenye baridi ya chaki, na biashara ya samaki iliwapa Kiswahili kingine cha mpakani. Wimbo wa Tanzania uliviunganisha: ulikuwa na ufasaha wa kitabu na joto la soko. Ni kwa sababu hii badiliko la kesha kuwa uwe macho lina uzito wa pekee hapa. Kwa msikilizaji huyu kukesha ni neno la Biblia na la mtihani, ambapo kuwa macho ni neno la mwaloni.

Tena, mwaloni kukesha ni kazi. Omena, ambao upande wa pili wa mpaka huitwa dagaa, huvuliwa usiku, hasa usiku wa giza ambapo mwezi haushindani na taa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi pia taa za sola, samaki wakakusanyika kwenye mwanga, kisha wavu ukavutwa. Anayeliangalia ziwa kutoka nchi kavu katika usiku kama huo huona safu ya taa kama mji uliojengwa majini. Kulipopambazuka, wanawake huwapokea, wakapima, wakaanika. Kwa watu hawa usingizi ni hasara inayohesabika, na uangalifu si sitiari ya kiroho iliyotafutwa. Mahubiri ya mtu anayelala usiku kwa mtu asiyelala yana upungufu wa aibu. Sauti ya Muhando, iliyokwaruzwa kama ya mtu aliyekesha, haina aibu hiyo. Tunaona hapa jinsi upeo wa matarajio unavyoipa kazi ya fasihi maana ambayo mtunzi wake hakulazimika kuikusudia.

7.0 Mipaka ya Onyo

Ni mahali hapahapa ndipo udhaifu wa albamu unapojitokeza. Katika mialo ya Ziwa Victoria upande wa Kenya kuna mfumo unaojulikana kwa jina la jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hupata samaki wa mvuvi fulani kwa kuwa na uhusiano wa kimwili naye. Kadiri samaki walivyopungua na wachuuzi kuongezeka, ndivyo masharti yalivyozidi kuwa magumu. Watafiti wa afya wameuhusisha mfumo huu na kiwango kikubwa cha virusi vya ukimwi katika jamii za wavuvi, na kaunti za Homa Bay na Migori zimekuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi nchini. Mikesha ya matanga tuliyoitaja hapo juu ina uhusiano na historia hii.

Mwanamke aliye katika mfumo wa jaboya anapoambiwa awe macho, anaambiwa nini? Mawaidha, kama utanzu, yanamchukulia anayeonywa kuwa ameghafilika: tatizo ni usingizi, na dawa ni kuamka. Lakini mchuuzi huyu hajaghafilika. Ameona kila kitu. Anajua anachokitoa, anachokipata na hatari iliyopo kati ya hivyo viwili. Hakosi macho, anakosa mtaji, wavu na mtumbwi. Onyo la umoja, ambalo tulilisifu kwa kumfikia mtu mmoja mmoja, lina upande wake wa pili: linamwachia mtu mmoja mmoja mzigo ulioundwa na wengi. Wingi wa kesheni ulikuwa na faida ambayo umoja wa mteule umeipoteza, nayo ni kwamba anayeambiwa akeshe pamoja na wenziwe anaweza kuwauliza wenziwe watafanya nini.

Kwamba swali hilo lina majibu kumeonekana Nduru Beach, katika Kaunti ya Kisumu, ambako katika muongo wa 2010 kikundi cha wanawake kilianza kumiliki mitumbwi na kuwaajiri wavuvi, wakaligeuza sharti la biashara kabla mafuriko ya mwaka 2020 hayajaikumba makazi yao. Hatuutaji mfano huu ili tuidai albamu ya Injili itimize kazi ya chama cha ushirika. Tunautaja kwa sababu unaonyesha kwamba kuna namna ya kuwa macho ambayo ni ya kundi na ina matendo ndani yake, na kwamba sarufi ya Mteule Uwe Macho haina nafasi yake. Mwana Kupona, kwa kulinganisha, alimpa binti yake maelekezo: namna ya kuishi na watu, na mume, na Mungu. Tunaweza leo kuyapinga mengi ya maelekezo hayo, lakini yanapingika kwa sababu yamesemwa. Albamu inapoishia kwenye tahadhari, inamwacha msikilizaji ameamka na hajui pa kwenda.

Kuna atakayejibu kwamba wimbo wa Injili una jibu lake, yaani Yesu, na kwamba Nibebe ndiyo safari inayofuata onyo. Jibu hili lina uzito, na linaonyesha umoja wa kazi za Muhando kwa jumla. Anayeonywa mpaka akaelemewa, hatimaye huomba kubebwa. Lakini tazama nini kimetokea kisarufi: mtu ametoka kuwa mtendwa wa onyo na kuwa mtendwa wa huruma. Kati ya nafsi ya pili inayoamriwa na nafsi ya kwanza inayobebwa, nafasi ya kusema mimi natenda, au sisi tunatenda, haijajazwa. Wafiwa wanaouimba wimbo huo matangani wanaijaza kwa sauti zao. Hilo ni sifa kwao kabla ya kuwa sifa ya albamu.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Mteule Uwe Macho si wimbo mwepesi uliopotea njia ukaingia kanisani. Ni mawaidha yenye ukoo katika Kiswahili, yaliyopata msemaji mpya, haki mpya ya kusema na chombo kipya cha kusambaa. Chaguo lake la msemo wa kila siku badala ya kitenzi cha Biblia ni chaguo la mtunzi anayejua lugha inaishi wapi. Tumeonyesha pia kwamba onyo la umoja lililofungwa na kiitikio cha studio linambana anayeonywa, na kwamba mbano huo unaonekana wazi zaidi likisikilizwa mahali ambapo hadhira imezoea kuukatiza wimbo na ambapo watu wamekwisha kuwa macho kwa sababu ya kazi na ya umaskini.

Matokeo ya uchunguzi huu kwa ufundishaji ni ya moja kwa moja. Albamu za namna hii ziingizwe katika kozi za fasihi simulizi, lakini zisiingizwe kama maneno yaliyonakiliwa ubaoni. Mwanafunzi anayeichagua albamu ya Injili kwa tasnifu yake atakiwe kurekodi pia inavyoimbwa tena matangani, mwaloni, garini na kwaya za mitaa inakoigwa, na aandike ni maneno gani yameongezwa, yameachwa au yametafsiriwa. Uwanja huu haujaguswa, hasa katika maeneo ya Kenya ambako Kiswahili ni lugha ya pili. Ikiwa jibu la aliyeonywa lipo popote, limo katika maneno hayo yaliyoongezwa, na ni wajibu wa mhakiki kuyakusanya kabla hayajasahaulika.